Kuupima Mkopo wa Kupunguza Matumizi ya Nishati

Mkopo wa mbolea hulipwa kwa mavuno. Mkopo wa lori hulipwa kwa nauli. Lakini mkopo wa mtambo unaopunguza matumizi ya umeme au kuni hulipwa kwa kitu kisichoonekana wala kushikika, yaani fedha ambazo zingetumika lakini hazikutumika. Kwa sababu hiyo mikopo ya namna hii ina ugumu wake. Mavuno yanaweza kupimwa mizani mbele ya wanachama wote. Akiba ya nishati haionekani mpaka chama kiwe na daftari linaloonyesha matumizi ya jana na ya leo.

Jambo hili lawahusu wanaushirika wa milima ya Usambara kwa karibu. Viwanda vya chai vya huku hukausha majani kwa joto la kuni. Vituo vya kukusanyia maziwa katika vijiji vya Lushoto hutegemea umeme ili maziwa ya jioni yasiharibike kabla ya gari kufika. Nishati ikipanda bei, malipo ya mkulima na mfugaji hupungua, hata kama bei ya sokoni haikubadilika.

Wakati huohuo milango ya mikopo imeongezeka. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania ilianza kazi mwaka 2015. Benki ya CRDB, iliyozaliwa mwaka 1984 kama Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, ilipewa ithibati mwaka 2019 na mfuko wa tabianchi ulio chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mwezi Aprili 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania mjini Dodoma. Kwa hiyo katibu wa chama cha msingi hana budi kujua namna ya kuupima mkopo wa nishati kabla Bodi haijautia sahihi.

MIPANGO HII HUENDESHWAJE

Mipango mingi ya aina hii hufuata njia moja. Serikali, au benki kubwa ya maendeleo, huipa benki ya biashara fedha kwa masharti nafuu. Benki hiyo huwakopesha wenye viwanda na vyama, nao hununua mitambo inayotumia nishati kidogo zaidi. Mfano unaotajwa sana ni wa Thailand. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mfuko wa kuzungusha, ikazipa benki fedha bila riba, na benki zikatakiwa kukopesha kwa riba isiyozidi asilimia 4 kwa mwaka. Shabaha ilikuwa kuzizoesha benki kazi hii, ili hatimaye zikopeshe kwa fedha zao wenyewe.

Katika Afrika Mashariki, Shirika la Maendeleo la Ufaransa lilileta mpango wake uitwao SUNREF katika miaka ya 2010, ukipitia benki za biashara za ukanda huu. Pamoja na fedha, mpango huo uliweka wataalamu wa kuchunguza miradi, waliokaa katika Chama cha Wenye Viwanda cha Kenya mjini Nairobi. Mpangilio huo una funzo. Afisa mikopo anajua kusoma mizania ya hesabu, lakini si lazima ajue kama mtambo utapunguza kuni kwa robo au kwa nusu. Hapana budi awepo mtu wa kupima.

Yafaa pia kukumbuka jambo ambalo matangazo aghalabu hayalitaji. Fedha zikitoka nje kwa masharti nafuu, mkopaji bado anawajibika kwa benki kama kwa mkopo mwingine wowote. Mtambo usipoleta akiba iliyotarajiwa, deni halipungui.

MFANO WA KITUO CHA MAZIWA

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, na kila chama kiweke tarakimu zake. Tuseme kituo kinapokea lita 2,000 kwa siku na kuzipoza hadi digrii 4 za Sentigredi. Anakuja muuzaji na kipozeo cha awali, chombo chenye mabamba ya chuma ambamo maziwa hupita upande mmoja na maji baridi ya chemchemi upande wa pili. Maziwa yakipita humo kwanza, hushuka hadi digrii 21 kabla ya kuingia katika tangi la umeme. Bei yake pamoja na mabomba ni shilingi 3,000,000.

Muuzaji anaeleza kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na digrii 35. Kipozeo kitaondoa digrii 14 kati ya 31, na kituo kitaokoa uniti 12 za umeme kila siku. Kwa shilingi 300 kwa uniti, hizo ni shilingi 3,600 kwa siku, au shilingi 1,314,000 kwa mwaka. Benki inatoa mkopo wa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya salio linalopungua. Malipo ni karibu shilingi 99,600 kwa mwezi, yaani shilingi 1,195,200 kwa mwaka. Akiba inazidi malipo, na karatasi inaonekana safi.

Sasa katibu achukue kipimajoto na kusimama mlangoni asubuhi. Maziwa ya Usambara hayafiki kituoni yakiwa na digrii 35. Yametoka bandani alfajiri, yakabebwa kichwani au kwa pikipiki katika baridi ya mlimani kwa saa nzima au zaidi. Tuseme yanafika na digrii 27. Kipozeo sasa kitaondoa digrii 6 tu kabla ya tangi. Akiba inashuka hadi karibu uniti 5 kwa siku, yaani shilingi 547,500 kwa mwaka. Malipo ya benki hayakubadilika. Kila mwaka kituo kitapungukiwa shilingi 647,700, na upungufu huo utakatwa katika fedha za maziwa ya wanachama.

Katika mfano huu hakuna aliyesema uongo. Muuzaji alichukua joto la ng'ombe, na katibu alichukua joto la ndoo inapofika mlangoni. Mita nayo ingetoa ushahidi uleule. Hesabu ya muuzaji inadai kwamba tangi linatumia kama uniti 26 kwa siku, na daftari la kituo lingeonyesha 19 au 20. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo kipozeo kisitupwe kwa hesabu ya umeme pekee. Maziwa yanayopoa haraka huharibika kidogo. Ikiwa kituo kimeandika lita zilizokataliwa kila mwezi, faida hiyo nayo ihesabiwe kwa shilingi. Kama lita hizo hazikuandikwa, faida hiyo ni matumaini tu, na benki haipokei matumaini kuwa malipo.

MAMBO YA KUCHUNGUZA KABLA YA KUKOPA

Kwanza, kupima hali ilivyo. Kwa muda usiopungua mwezi mmoja, katibu aandike kila siku uniti zilizotumika, lita au kilo zilizoshughulikiwa, na joto la maziwa yanapopokelewa. Uniti zigawanywe kwa kazi iliyofanyika, kwa mfano uniti kwa kila lita 100. Risiti za LUKU peke yake hazitoshi. Umeme ukishuka kwa sababu maziwa yamepungua wakati wa kiangazi, hiyo si akiba bali ni hasara.

Pili, kutafuta kisichohitaji mkopo. Tangi lililo juani, mtambo uliojaa vumbi mahali pa kutolea joto, na mfuniko usiofunga vizuri, yote hula umeme bure. Kwa upande wa chai, kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi, na maji yale yote huondolewa kwa joto. Kuni mbichi nazo huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumika kwanza kuyakausha. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi kubaki na maji sehemu moja ya tano hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni mbichi. Banda la kukaushia kuni, lenye paa na upepo wa kutosha, laweza kuokoa fedha nyingi kabla ya kununua tanuri jipya.

Tatu, kuuliza riba inahesabiwaje. Asilimia 12 iliyotajwa katika mfano wetu ilikuwa ya salio linalopungua, na riba yote kwa miaka mitatu ni karibu shilingi 587,000. Asilimia ileile ikihesabiwa kila mwaka juu ya mkopo wa mwanzo, riba inakuwa shilingi 1,080,000, na malipo ya mwaka shilingi 1,360,000. Hapo hata akiba ya muuzaji haitoshi. Ziongezwe pia ada za maombi, bima na gharama za dhamana.

Nne, kulinganisha siku za malipo na siku za mapato. Maziwa na majani ya chai hupungua wakati wa ukame, na akiba hupungua pamoja nayo. Benki iombwe mapema kupanga malipo kwa msimu.

Tano, kujua nani atabeba hasara. Mkataba wa muuzaji useme mtambo utaokoa kiasi gani, utapimwa vipi, na nini kitafanyika usipofikia kiwango hicho. Ahadi ya mdomo haiwezi kudaiwa.

Sita, kufuata sheria. Mkopo hauna budi kuwa ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Wanachama waonyeshwe hesabu mbili, ya muuzaji na ya daftari la chama.

KUUPIMA MPANGO WENYEWE

Chama Kikuu kinapoalikwa kutoa maoni juu ya mpango wa benki, kisiridhike na taarifa ya fedha zilizokopeshwa. Fedha kutoka benki ni mwanzo wa kazi. Maswali yanayofaa ni matatu. Je, kuni na umeme vilipungua kweli kwa kila kilo ya chai au kila lita ya maziwa, na nani alipima? Je, waliokopa wangenunua mitambo hiyo hata bila mpango? Kama wangenunua, unafuu wa riba uliwanufaisha bila kuongeza akiba yoyote kwa nchi. Na je, mikopo ilifika kwa vyama vidogo, au iliishia kwa viwanda vikubwa kwa kuwa banda la kuni ni mradi mdogo mno machoni pa benki?

Swali la tatu ndilo zito zaidi kwa Lushoto. Mahitaji ya vyama vya huku mara nyingi ni madogo: banda, mabomba, mota mpya, kipimajoto. Vyama kadhaa vikiwa na daftari zilizoandikwa kwa namna moja, Chama Kikuu kinaweza kuziunganisha kuwa ombi moja, na benki ikapata mradi wa ukubwa unaostahili safari ya afisa wake kupanda Soni.

Wazee wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa, na mwaka 1982, sheria mpya ilipovirudisha. Chama kinachojua deni lake na sababu ya deni hilo kina nguvu ya kusimama mbele ya wanachama wake. Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo isemavyo methali. Kwa makatibu, maandalizi ya malipo huanza kabla ya harusi, kwa kipimajoto mlangoni na daftari mezani, mwezi mzima kabla ya fomu ya benki kujazwa.