Picha za Miswada na Dhamana ya Anwani: Uwekaji na Utumiaji wa Seva ya Picha katika Idara ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi ya kale ya Kiswahili hutegemea ushahidi ulio mbali na msomaji wake. Mswada ulioandikwa kwa hati za Kiarabu huwa katika maktaba moja, au pengine katika kasha la familia moja. Msomaji wa makala huona unukuzi wa hati za Kirumi peke yake. Ilhali unukuzi ni uamuzi. Katika maandishi ya zamani herufi ba iliwakilisha sauti b, p na mb, na alama ya kasra iliwakilisha irabu i na e. Kwa hiyo ba yenye kasra yaweza kusomwa bi, be, pi, pe, mbi au mbe. Mnukuzi huchagua mojawapo kati ya hizo sita kwa kuongozwa na maana, mizani na vina. Msomaji asiyeuona ukurasa wenyewe hana njia ya kumhakiki.

Picha ya ukurasa hutatua tatizo hilo, mradi ipatikane. Makala haya yanaeleza jinsi idara ya chuo kikuu inavyoweza kuweka seva ya picha iliyo chini ya mamlaka yake, na jinsi wahakiki wanavyoweza kuitumia. Hoja kuu ni kwamba thamani ya seva hiyo haimo katika mashine wala programu, bali katika anwani ya kudumu ya kila picha. Anwani iliyochapishwa katika tasnifu ni sehemu ya hoja ya tasnifu hiyo. Ikifa, ushahidi umeondolewa.

2.0 Sababu za Kujitegemea

Njia iliyo rahisi ni kuweka picha katika huduma ya kampuni ya nje bila malipo. Historia ya huduma hizo inatahadharisha. Mwaka 2017 kampuni ya Photobucket ilibadili masharti yake, na wateja waliotaka picha zao ziendelee kuonekana katika kurasa nyingine za intaneti wakatakiwa kulipa dola 399.99 kwa mwaka. Picha nyingi zilitoweka mahali zilipokuwa zimeonyeshwa kwa miaka. Mwaka 2018 Flickr ilitangaza kwamba akaunti zisizolipiwa zingewekewa kikomo cha picha 1,000.

Kampuni hizo zilikuwa na haki ya kupanga masharti ya huduma zao. Lililo muhimu kwa mwanataaluma ni kwamba waliozitegemea hawakuwa na sauti katika uamuzi huo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata hivyo, kujitegemea nako kuna gharama: umeme, matengenezo na mtu mwenye wajibu wa kudumu. Idara isiyoweza kubeba wajibu huo ni afadhali iungane na maktaba kuu ya chuo kuliko kuanzisha seva itakayozimika baada ya mwaka mmoja.

3.0 Anwani kama Chombo cha Uhakiki

Tangu mwaka 2011 maktaba na vyuo kadhaa, vikiwamo Stanford, Oxford na Maktaba ya Uingereza, vilishirikiana kuunda mfumo wa pamoja wa kutoa picha, unaojulikana kwa herufi IIIF. Toleo la kwanza la kanuni zake za picha lilitolewa mwaka 2012, na toleo la tatu mwaka 2020. Kanuni hizo zinaeleza jinsi anwani ya picha inavyoundwa. Ichukuliwe anwani ifuatayo ya kubuni:

https://picha.mfano.ac.tz/hati/MS014-007/1200,860,400,150/max/0/default.jpg

Sehemu ya MS014-007 ni kitambulisho cha ukurasa. Tarakimu nne zinazofuata hutaja eneo linalotakiwa: pikseli 1200 kutoka ukingo wa kushoto, 860 kutoka juu, upana wa 400 na kimo cha 150. Neno max huagiza ukubwa wote uliopo wa eneo hilo. 0 ni nyuzi za mzunguko. Na sehemu ya mwisho hutaja ubora na aina ya faili. Tarakimu za eneo zikibadilishwa na neno full, seva hutoa ukurasa mzima.

Umuhimu wa jambo hili kwa uhakiki ni mkubwa. Mhakiki anayedai kwamba neno fulani lisomwe pembe wala si bembe anaweza kumpa msomaji anwani ya neno hilo peke yake. Mabishano yaliyotegemea heshima ya mnukuzi sasa yanaweza kutegemea wino na nukta. Aidha, kwa kuwa kanuni ni za pamoja, programu za kutazamia kama vile Mirador zinaweza kuweka ukurasa wa mswada ulioko Dar es Salaam sambamba na nakala ya utenzi huohuo iliyoko London, mradi taasisi zote mbili zinafuata mfumo huo na seva zao zinaruhusu kurasa za taasisi nyingine kuzisoma.

4.0 Utayarishaji wa Picha

Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa picha kwa kiwango cha nukta 400 kwa inchi hutoa pikseli 3,307 kwa 4,677, yaani takriban milioni 15.5. Kila pikseli ya rangi huchukua baiti 3. Hivyo faili isiyobanwa hufikia megabaiti 46.4, na mswada wa kurasa 120 hufikia gigabaiti 5.6. Katika mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa mmoja ungemchukua msomaji zaidi ya dakika tatu kuupata.

Ufumbuzi ni kuandaa nakala ya maonyesho yenye umbo la piramidi. Picha hukatwa vigae, kwa mfano vya pikseli 512 kwa 512, kisha huhifadhiwa pamoja na nakala zake ndogo, kila moja ikiwa na nusu ya upana na nusu ya kimo cha iliyotangulia. Nakala hizo zote huongeza takriban theluthi moja tu ya ukubwa wa awali. Ukurasa uliotajwa hutoa vigae 70 katika ngazi ya juu. Lakini msomaji mwenye dirisha la pikseli 1,000 kwa 700 hahitaji zaidi ya vigae 9 kwa wakati mmoja. Programu huria ya libvips hutengeneza faili za TIFF za namna hii kwa amri moja.

Ni lazima kutofautisha nakala hiyo na faili asilia. Faili asilia huhifadhiwa kama ilivyotoka katika kamera au skana, bila kubanwa wala kusahihishwa rangi, na haiwekwi wazi mtandaoni.

5.0 Uwekaji wa Seva

Mashine ya kawaida yenye mfumo wa Linux, kama vile Debian, yatosha kwa mkusanyiko wa idara. Kati ya programu huria za kutoa picha, mbili zinazojulikana ni Cantaloupe na IIPImage. Cantaloupe huelekezwa kwenye folda ya picha, na kwa kawaida husikiliza katika mlango namba 8182. Mlango huo usifunguliwe kwa umma. Mbele yake huwekwa programu ya nginx, ambayo hupokea maombi katika mlango 443 kwa njia iliyosimbwa na kuyapeleka ndani.

Mpangilio huo una faida nyingine iliyo kubwa kuliko usalama: anwani anayoiona msomaji haitegemei programu iliyo nyuma. Kwa sababu hiyo anwani isiwe na jina la programu, la mashine, wala la mtumishi aliyeiweka. Itumie namba ya mswada katika katalogi. Programu ikibadilishwa baada ya miaka kumi, nginx huelekezwa upya na anwani hubaki vilevile.

Mambo mawili ya mipangilio yasisahauliwe. Kwanza, uwekwe ukomo wa pikseli zinazoweza kuombwa mara moja, ili ombi moja lisiielemee mashine. Pili, iwekwe akiba ya vigae vilivyokwisha kutengenezwa, ili visitengenezwe upya kwa kila msomaji. Kabla ya kutangazwa, seva ijaribiwe kutoka nje ya chuo, kwa simu na kwa mtandao wa kasi ndogo.

6.0 Haki, Faragha na Hifadhi

Picha nyingi za simu na za baadhi ya kamera hubeba ndani yake taarifa zisizoonekana, zikiwamo majira ya mahali ilipopigwa. Picha ya mswada uliopigwa nyumbani kwa mwenyewe yaweza hivyo kumwelekeza mgeni, hata mwizi, hadi mlangoni. Taarifa hizo ziondolewe katika nakala ya maonyesho. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaongeza uzito wa wajibu huu. Lakini kabla ya sheria kuna uaminifu: familia iliyofungua kasha lake kwa mtafiti haikuridhia kwa hilo pekee kwamba ulimwengu mzima utazame. Ridhaa ya kuonyesha iandikwe mbali na ridhaa ya kupiga picha.

Kuhusu hifadhi, kanuni inayofuatwa na wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Kila faili asilia ipewe alama ya uthibitisho ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Alama ikikokotolewa upya na kutofautiana, faili imeharibika. Nakala rudufu isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa haistahili kutegemewa.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha katalogi ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Namba za katalogi humwezesha mtafiti kujua aombe nini afikapo maktabani. Anwani ya picha inaendeleza kazi hiyohiyo, kwa tofauti moja: namba iliyochapishwa kitabuni hubaki hata asipokuwapo wa kuitunza, ilhali anwani huishi kwa kutunzwa. Kwa hiyo swali ambalo idara inapaswa kulijibu kwa maandishi kabla ya kununua mashine ni nani atakayelipia jina la tovuti, nani atakayesahihisha seva, na nani atakayempokea kazi huyo atakapostaafu. Penye majibu hayo, seva ndogo yatosha. Pasipo nayo, hata seva kubwa ni ahadi isiyo na mdhamini.