Kabla ya kupaka rangi, tazama sakafu na ghala

Kila mwisho wa mwaka, wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa wanaporejea makwao, sauti ya nyundo husikika kwa wingi katika vijiji vya Ikutha, kusini mwa Kitui. Huyu anaondoa nyasi ili aezeke mabati, yule anapiga plasta kuta za udongo, na mwingine ameuza mbuzi watatu apate fedha za kumwaga saruji sakafuni.

Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, msomaji, aghalabu fedha hizo huishia pale panapoonekana na mgeni: rangi ya mbele, mlango wa chuma na madirisha ya vioo. Sehemu zisizoonekana, yaani chini ya sakafu, juu ya ukuta na mahali pa kuwekea chakula, huachwa mpaka fedha zipatikane tena. Lakini sehemu hizo ndizo zinazoamua kama jamaa yako watakuwa wazima au watakuwa wateja wa kila siku wa zahanati.

Funzo la mwaka wa 2004

Wakazi wa Ukambani hawahitaji kukumbushwa sana maafa ya mwaka wa 2004. Mvua ilinyesha wakati wa mavuno na mahindi yakaingizwa nyumbani yakiwa mabichi, wengine wakiyavuna mapema kwa kuogopa wezi. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua kutokana na sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi wao walitoka katika wilaya za Makueni na Kitui. Wala halikuwa jambo geni, kwani mwaka wa 1981 watu 12 walifariki kwa sumu hiyo hiyo katika iliyokuwa wilaya ya Machakos.

Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu na joto. Huharibu ini. Kuipika nafaka hakuimalizi, na kuondoa punje zilizooza pekee hakutoshi, kwa kuwa hata punje inayoonekana safi yaweza kuwa nayo.

Linalotuhusu leo ni hili: wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopatwa na ugonjwa na zile zilizonusurika, waligundua kuwa waliohifadhi mahindi ya shamba lao ndani ya nyumba ya kulala walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Zamani kila boma lilikuwa na ikumbi, ghala lililoinuliwa juu ya nguzo, likipitisha upepo chini na kandoni. Siku hizi, nyumba inapofanywa ya kisasa, ikumbi hubomolewa na magunia hupangwa pembeni mwa chumba, juu ya sakafu, yakiegemea ukuta. Kama sakafu ile inapitisha unyevu na paa lile linavuja, basi umeijengea kuvu makao.

Anza na sakafu

Mafundi wengi hushindilia udongo kidogo, kisha humwaga saruji juu yake. Sakafu ya namna hiyo hung'aa mwezi wa kwanza. Mvua za Novemba zikija, maji ya ardhini hupanda taratibu kupitia saruji, na gunia lililowekwa juu yake hulowa upande wa chini bila mtu kujua.

Sakafu njema huwa na tabaka kadhaa. Kwanza mawe yaliyoshindiliwa vizuri, kisha mchanga mwembamba wa kufunika ncha za mawe, halafu karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu, na juu yake zege la saruji, mchanga na kokoto. Karatasi hiyo ndiyo ambayo fundi mvivu hukushauri uiache ili "kupunguza gharama". Usikubali. Hakikisha pia kwamba sakafu imeinuka sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi ya nje, ili maji ya mvua yasiingie ndani.

Pima mchanganyiko kwa karai, wala si kwa macho. Kwa tabaka la juu la kulainishia, karai moja ya saruji kwa karai tatu za mchanga inatosha. Baada ya hapo sakafu inahitaji kunyweshwa maji kwa siku saba na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Katika jua la Ikutha, sakafu iliyoachwa ikauke haraka hupasuka na kutoa vumbi. Najua maji ni shida, na kumwaga mtungi wa maji chini huuma roho. Hata hivyo, sakafu yenye nyufa na vumbi ndiyo inayopendwa na funza wanaoingia katika nyayo za watoto. Afadhali usubiri msimu wa mvua ndipo umwage sakafu, kuliko kuimwaga wakati wa kiangazi bila maji.

Jambo jingine ni chumvi. Visima vingi vya kusini mwa Kitui hutoa maji ya chumvi. Maji hayo yakitumiwa katika saruji, ukuta hutoa unga mweupe na vyuma vilivyomo ndani huota kutu. Tumia maji ya mvua ikiwezekana. Mchanga nao upime: utie katika chupa ya kioo pamoja na maji, utikise, kisha uache utulie kwa saa kadhaa. Tope litakaa juu ya mchanga. Ukiona tabaka nene la tope, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Kuta: usipoziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika afya, ufa ni zaidi ya aibu ya nyumba, kwani wadudu hujificha humo mchana na kutoka usiku.

Kosa la kawaida ni kupiga plasta ya saruji moja kwa moja juu ya ukuta wa udongo. Udongo hutanuka unapolowa na kunywea unapokauka, lakini saruji haifanyi hivyo. Baada ya misimu miwili plasta huachana na ukuta, na katikati hubaki uwazi ambamo unyevu, mende na panya hustarehe. Kama nyumba yako ni ya udongo na bado imara, isiribe kwa udongo uliochanganywa vyema na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, kisha uipake chokaa. Chokaa huuacha ukuta upumue, na weupe wake huongeza mwangaza ndani. Ukitaka saruji kwa vyovyote vile, fundi apigilie kwanza wavu wa waya kwenye ukuta ili plasta ishike.

Wanaojenga kwa matofali ya kuchoma wasinunue kwa kutazama rangi tu. Gonganisha matofali mawili: yaliyoiva hulia kama chuma, yasiyoiva hutoa sauti ya kufa. Kwaruza moja kwa msumari, kisha liache ndani ya maji usiku kucha. Likimeguka asubuhi, lirudishe kwa mwenyewe.

Tazama vilevile kilichoko nje ya ukuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ilikumbwa na mlipuko wa kala-azar, maradhi yanayovimbisha wengu na kumdhoofisha mgonjwa hadi kifo asipotibiwa. Watafiti waliofuatilia maradhi hayo walitambua kwamba usubi, mdudu mdogo kuliko mbu anayeyaeneza, hukaa katika vichuguu vya mchwa. Kwa hivyo unapotafuta udongo wa kusiriba, anza na kichuguu kilicho karibu na nyumba, ukichimbe hadi chini, na shimo ulijaze.

Paa na hewa

Mabati huuzwa kwa geji, na namba inapokuwa kubwa bati huwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na hudumu zaidi. Lakini bati zuri haliwezi kuokoa kazi mbaya. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanamopita, na uwe na mpira wake. Tundu moja dogo juu ya magunia latosha kuharibu chakula cha miezi mitatu.

Isitoshe, bati hupoa usiku na kutoa jasho upande wa ndani, na jasho hilo hudondoka. Dawa yake ni dari, au angalau matundu ya hewa juu ya kuta zinazokabiliana. Wengine huyaziba matundu hayo kwa kuogopa mbu. Ni kweli kwamba mbu wa malaria hupenda kuingilia katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Basi usizibe kwa saruji, ziba kwa wavu wa mbu. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa wavu zilikuwa na mbu wachache zaidi, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua.

Jikoni matundu yanahitajika hata zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Ikiwa mama anapika kwa kuni, jiko lenye bomba la moshi linalotokeza juu ya paa lapasa kutangulia kioo cha sebuleni.

Na tahadhari moja: ukiuziwa vigae vizee vya kijivu vilivyotolewa katika majengo ya zamani, huenda ni asbestosi. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka wa 2006, kwani vumbi lake husababisha saratani inayoweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Usivikate kwa msumeno wala kuvivunja. Kuviondoa ni kazi ya walio na leseni ya NEMA.

Chumba cha chakula

Sasa turudi kwa mahindi. Kama uwezo upo, jenga ghala la nje lililoinuka juu ya nguzo, na kila nguzo uivishe bati la kuzuia panya. Ukiogopa wezi, tenga chumba ndani ya nyumba, kiwe na mlango wa kufuli na matundu yenye wavu, na kisipakane na jiko wala bafu. Weka chaga za mbao ili magunia yasiguse sakafu, na uache nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta.

Lakini ghala halikaushi nafaka. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Njia rahisi ni kutia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, kutikisa na kungoja dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, bado kuna unyevu. Mahindi yakishakauka, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa husaidia sana.

Endapo mtu nyumbani atatapika, atavimba tumbo au miguu, na macho yake yawe ya manjano, mpeleke hospitali upesi, na chakula kile asiguse mtu wala mfugo.

Mwisho, patana na fundi kwa maandishi hata kama ni jamaa yako. Mlipe kwa hatua: sehemu baada ya msingi, sehemu baada ya kuona karatasi ya nailoni imetandazwa kabla haijafunikwa, na sehemu baada ya mvua ya kwanza kupita bila paa kuvuja. Fedha zikiwa chache, fuata utaratibu huu: paa lisilovuja, sakafu kavu, jiko lisilo na moshi ndani, wavu, na chumba cha chakula. Rangi ije mwisho, na hata ikichelewa mwaka mzima hakuna atakayeugua.