Una Pesa za Ziada: Umalize Mkopo wa Nyumba Mapema au Uwekeze?

Dawa ya deni ni kulipa. Wengi wetu tumelelewa na msemo huo. Ndiyo maana mtu akipata bonasi, au akimaliza kulipa HELB na kujikuta na Sh10,000 za ziada kila mwezi, wazo la kwanza huwa ni kuzipeleka benki zipunguze mkopo wa nyumba. Halafu anafungua simu. Kwenye kikundi cha WhatsApp mmoja anasifu MMF yake, mwingine anasifu bondi za serikali. Sasa afuate nani?

Hapa si suala la nani jasiri na nani mwoga. Ni hesabu, na unaweza kuipiga mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Takwimu za Benki Kuu (CBK) zinaonyesha mikopo ya nyumba ya benki ni kama 30,000 tu nchi nzima, kwa hivyo si ajabu ukikosa jirani wa kumuuliza. Twende pole pole.

Ona kwanza pesa yako inakwenda wapi

Tuseme ulikopa Sh4 milioni kwa miaka 15, riba asilimia 14 kwa mwaka. Kila mwezi unalipa kama Sh53,270. Mwezi wa kwanza, Sh46,667 kati ya hizo ni riba. Zinazopunguza deni lenyewe ni Sh6,603 pekee. Ndiyo, umesoma vizuri.

Ukiendelea hivyo hadi mwisho, utakuwa umelipa karibu Sh9.6 milioni kwa nyumba uliyokopea Sh4 milioni.

Sasa ongeza zile Sh10,000 kila mwezi tangu mwanzo. Mkopo unaisha baada ya takriban miaka 9 na miezi 8 badala ya miaka 15. Jumla ya riba inapungua kwa karibu Sh2.29 milioni. Hakuna muujiza hapo: kila shilingi ya ziada inaingia moja kwa moja kwenye deni lenyewe, na kuanzia siku hiyo shilingi hiyo haitozwi riba tena.

Kwa maneno mengine, kulipa mapema ni uwekezaji pia. Mkopo wa asilimia 14 ukiupunguza, ni kama umewekeza pesa zako kwa faida ya asilimia 14. Faida hiyo haitozwi kodi, na haitegemei soko limeamkaje.

Uwekezaji unahitaji kufikisha ngapi ili ushinde?

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanachukua riba ya mkopo na kuilinganisha na ile namba kubwa iliyo kwenye tangazo la MMF. Lakini riba ya MMF, ya akaunti ya akiba na ya hati za hazina hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijakufikia. MMF inayotangaza asilimia 10 inakuachia 8.5.

Kwa hivyo ili uwekezaji wa namna hiyo ulingane na mkopo wa asilimia 14, unahitaji kulipa karibu asilimia 16.5 kabla ya kodi. Tena si mwaka mmoja tu, bali miaka yote ambayo ungekuwa unalipa deni.

Kuna wakati namba hizo zilikuwepo. Katikati ya mwaka 2024 hati za hazina za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 9. Aliyepanga maisha yake ya miaka 10 kwa kutegemea riba ya miezi mitatu alijikuta na hesabu isiyofunga.

Bondi ya muda mrefu ni hadithi nyingine. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu ya miaka 8.5 kwa riba ya asilimia 18.46, na riba hiyo haikatwi kodi. Mwenye mkopo wa asilimia 14 aliyeweka pesa za ziada pale alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutolipa deni mapema, kwa sababu kiwango chake kilifungwa kwa miaka yote hiyo. Nafasi kama hizo huja, lakini haziji kila mwezi.

Na hisa? Hisa zinaweza kulipa kuliko vyote hivi, na zinaweza kukuacha mkono mtupu. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa Sh5 mwaka 2008, zikapita Sh40 mwaka 2021, kisha zikashuka chini ya Sh15 mwaka 2023. Benki inataka Sh53,270 zake kila mwezi, hisa zipande zishuke.

Kodi inaweza kugeuza jibu

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu ndiyo watu wengi huiruka.

Ukikopa kununua au kukarabati nyumba unayoishi mwenyewe, sheria inakuruhusu kuondoa riba ya mkopo huo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kiwango cha juu ni Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo kilikuwa Sh300,000 kwa mwaka.

Sehemu ya mapato inayozidi Sh32,333 hadi Sh500,000 kwa mwezi hutozwa kodi ya asilimia 30. Kwa mtu aliye kwenye kundi hilo, kila Sh100 ya riba iliyo ndani ya kiwango inampunguzia kodi ya Sh30. Yaani riba ya asilimia 14 kwake ni kama asilimia 9.8.

Lakini ngoja. Nafuu hiyo inaishia kwenye Sh30,000 za kwanza. Kwenye mfano wetu riba ya mwezi wa kwanza ni Sh46,667. Zile Sh16,667 za juu hazipati nafuu yoyote, na ukilipa mapema unaanza kwa kuondoa riba hiyo ya juu. Maana yake, mwanzoni kila shilingi ya ziada unayolipa inakuokolea asilimia 14 kamili, na nafuu yako ya kodi haiguswi.

Mpaka lini? Chukua Sh360,000 ugawanye kwa riba ya mkopo wako. Kwa asilimia 14 unapata kama Sh2.57 milioni. Deni likiwa juu ya hapo, kulipa mapema kunakupa asilimia 14. Likishuka chini ya hapo, kunakupa asilimia 9.8, na MMF au bondi inayotozwa kodi ya asilimia 15 inahitaji kulipa kama asilimia 11.5 tu ili ilingane.

Bila malipo ya ziada, mkopo wetu wa mfano ungechukua takriban miaka 9 kushuka hadi Sh2.57 milioni. Ukiongeza Sh10,000 kila mwezi, unafika hapo kwa miaka 5 hivi. Kwa hivyo jibu la mtu huyu si "lipa" wala "wekeza" milele. Alipe kwa nguvu miaka ya mwanzo, na deni likifika kwenye mstari huo, akae chini apige hesabu upya.

Hakikisha pia kwamba nafuu unaipata kweli. Angalia karatasi ya mshahara. Kama mwajiri haioni riba ya mkopo wako, mpelekee cheti cha benki, na uidai unapojaza ritani yako kwenye iTax.

Mkopo wa riba nafuu una jibu lake

Wapo waliopata mikopo ya riba ya chini ya asilimia 10 kupitia benki na sacco zinazopewa fedha na Kenya Mortgage Refinance Company (KMRC). Tuseme wewe ni mmoja wao, deni ni Sh3 milioni na riba ni asilimia 9.5. Riba ya mwaka ni kama Sh285,000, yote iko ndani ya kiwango cha nafuu. Kwa mtu wa kundi la asilimia 30, gharama halisi ya mkopo huo ni asilimia 6.65. Uwekezaji unaolipa asilimia 7.8 kabla ya kodi tayari umelingana nao.

Hapo kukimbilia kumaliza deni kunaweza kukunyima faida. Fikiria pia pensheni. Michango yako ya pensheni, pamoja na NSSF, hadi Sh30,000 kwa mwezi haitozwi kodi ya mapato. Ukiweka Sh10,000 ndani ya kiwango hicho na uko kwenye kundi la asilimia 30, kodi yako inapungua Sh3,000. Umeweka 10,000, mfukoni zimetoka 7,000. Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo imefungwa hadi ustaafu.

Kabla ya yote: pesa unayoweza kuifikia

Hesabu zote hapo juu zina shimo moja. Pesa ikishaingia kwenye mkopo, hairudi. Ukilipa Sh400,000 leo na kazi ikaisha mwezi ujao, benki haitasema, "Huyu alitulipa vizuri, tumpumzishe." Malipo ya mwezi unaofuata yatadaiwa kama kawaida, isipokuwa muwe mmekubaliana vinginevyo.

Ukishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu benki kukupa notisi ya angalau miezi mitatu ulipe unachodaiwa. Usipolipa, inafuata notisi nyingine ya angalau siku 40 kabla ya kuuza nyumba. Muda huo unaonekana mrefu ukiwa na mshahara. Bila mshahara unaisha haraka, na watu wamepoteza nyumba walizokuwa wamelipia zaidi ya nusu kwa kukosa akiba ya miezi michache tu.

Kwa hivyo shilingi za kwanza za ziada zisiende kwenye mkopo wala kwenye hisa. Weka kando malipo ya miezi sita. Kwenye mfano wetu ni karibu Sh320,000. Ziweke mahali unapoweza kuzitoa ndani ya siku chache, kama akaunti ya akiba au MMF iliyo na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Pesa za benki zinalindwa na KDIC hadi Sh500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Pesa za MMF haziko chini ya ulinzi huo, kwa hivyo leseni iangalie mwenyewe.

Na kama una madeni mengine ya riba kubwa, mfano mikopo ya simu, hayo yatangulie. Hakuna MMF inayoweza kuyashinda.

Kama mko wawili

Mara nyingi ndani ya nyumba mmoja anasema, "Baba watoto, tumalizane na benki kwanza, nilale usingizi." Mwingine anajibu, "Mama, pesa ikae ikizaa." Wote wana hoja. Usingizi una thamani yake, hata kama hauonekani kwenye hesabu. Kama tofauti kati ya njia mbili ni asilimia moja au mbili tu, gawanyeni: nusu iende kwenye mkopo, nusu kwenye uwekezaji. Mtu akishindana na mwenzake kwa miaka 10 kuhusu asilimia moja, nyumba haitakuwa na raha hata ikiisha kulipiwa.

Ukiamua kulipa mapema, fanya hivi

1. Omba riba ipunguzwe kwanza. Kiwango cha CBK kilikuwa asilimia 13 mwanzoni mwa 2024 na kikashuka hadi 9.75 Juni 2025. Kama mkopo wako ni wa riba inayobadilika na hujaona mabadiliko, andikia benki uulize kwa nini.

2. Soma barua ya mkopo. Tafuta kama kuna ada ya kulipa mapema na kiwango cha chini kinachokubalika kwa malipo ya ziada.

3. Toa maagizo kwa maandishi. Sema pesa ipunguze deni lenyewe, isishikwe kama malipo ya miezi ijayo. Sema pia unataka muda upungue, si kiasi cha mwezi. Ukiacha benki iamue, unaweza kupata malipo madogo kwa miaka ile ile, na ile faida kubwa ya riba ikakupita.

4. Ukilipa kwa simu, andika nambari ya akaunti ya mkopo. Pesa ikiingia kwenye akaunti ya kawaida itakaa tu pale. Kumbuka muamala mmoja hauzidi Sh250,000, kwa hivyo kiasi kikubwa kigawanye.

5. Omba taarifa mpya ya mkopo baada ya wiki moja. Angalia salio limeshuka kwa kiasi chote ulichotuma na tarehe ya mwisho ya mkopo imesogea karibu.

Wikendi hii chukua taarifa ya mkopo, karatasi ya mshahara na taarifa ya uwekezaji wako, kama upo. Andika namba tatu: riba ya mkopo baada ya nafuu ya kodi, faida ya uwekezaji baada ya kodi, na miezi mingapi unaweza kulipa mkopo bila mshahara. Kama hiyo ya tatu iko chini ya sita, anza nayo. Hizo mbili zinaweza kungoja.