Mwiba wa Paka na Herufi Zilizogeuka

Bibi zetu husema paka ana roho saba; Waingereza wamemwongezea mbili. Lakini kuna ugonjwa ambao, mpaka miaka michache iliyopita, ulizimaliza roho zote hizo kwa wiki chache. Unaitwa FIP. Homa haishuki, paka anakonda mgongoni, na mara nyingi tumbo linajaa maji. Wengi wetu chamani tunafuga paka hapa London, na tukipiga simu nyumbani tunakosa maneno ya kuueleza. Basi tumejaribu.

Chanzo ni virusi vya korona vya paka. (Si vile vya Covid, na binadamu haviwaambukizi, kwa hiyo msimfukuze mtu kitandani.) Paka wengi wanavyo, hasa wanaoishi kundi zima na kujisaidia kwenye boksi moja la mchanga. Hukaa utumboni, paka akaharisha kidogo, yakaisha. Ila kila vinapojinakili hukosea herufi hapa na pale katika jeni zao, zenye herufi kama 29,000. Kwa paka wachache, mmoja kati ya kumi au pungufu, makosa hayo huvipa uwezo wa kuishi ndani ya chembe nyeupe za damu, zilezile zinazotakiwa kuvimeza. Hapo husafiri mwili mzima.

Mwaka 2012 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha mabadiliko mawili kwenye mwiba, yaani protini inayovisaidia virusi kuingia kwenye chembe. Katika nafasi ya 1058, methionini inageuka leusini; katika nafasi ya 1060, serini inageuka alanini. Moja kati ya hayo lilionekana katika zaidi ya asilimia 95 ya virusi vya FIP walivyochunguza. Ilionekana kama kipimo kimepatikana. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Bristol waliyakuta yale ya 1058 hata katika viungo vya paka wasiokuwa na FIP. Kumbe yanaonyesha kwamba virusi vimetoka utumboni, si lazima kwamba paka anaumwa. Kwa hiyo karatasi ya maabara inayosema mabadiliko yapo si hukumu ya kifo, na daktari wa mifugo bado ana kazi ya kumwangalia paka mwenyewe.

Na mwili unaovipokea una sehemu yake. Duma wetu wa Afrika Mashariki wanafanana mno kijeni, kama ndugu wa tumbo moja, na ndivyo walivyo duma karibu wote. Virusi hivi vilipoingia kwenye bustani moja ya wanyama huko Oregon, Marekani, mwaka 1982, karibu asilimia 60 ya duma wake walikufa ndani ya miaka mitatu.

Mwaka 2023 Cyprus ikatushangaza zaidi. Aina mpya, FCoV-23, ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya mwiba wake kutoka virusi vya korona vya mbwa, na ikawa inapita kutoka paka hadi paka. Mwaka huohuo paka mmoja aliyeletwa Uingereza kutoka huko alikutwa nayo. Safari hii dawa zilikuwepo: madaktari wa mifugo hapa wanaruhusiwa kutoa remdesiviri na GS-441524 tangu 2021, na paka wengi wanaotibiwa hupona. Cyprus yenyewe ilifungua akiba ya vidonge vya Covid vya binadamu, ikawapa paka.