Rezo, mtandao na mafundo ya Dodoma

Malori yaendayo Kongo hupita Dodoma usiku na mchana. Simu ya dereva kutoka Goma ikigoma, husema, "Hakuna rezo." Ya mwenyeji wa Dodoma ikigoma, husema, "Mtandao hakuna." Shida ni moja, ila kila neno lina ukoo wake.

Rezo ni réseau, neno la Kifaransa, lugha ambayo Wabelgiji waliipeleka Kongo. Mzizi wake ni rets, yaani wavu, wenye asili ya Kilatini. Zamani réseau lilikuwa kinyavu cha kufungia nywele na matundu ya kitambaa cha lesi. Baadaye likabeba barabara na reli. Wajerumani walipoikalia Ufaransa, 1940 hadi 1944, likawa jina la vikundi vya siri vya wapinzani wao.

Mtandao nao una nyuzi zake. Mawingu hutanda, buibui hutanda utando wake, na mfumaji huita mtande zile nyuzi anazozinyoosha kwa urefu. Neno mtandao likapanda hadi kwenye simu na intaneti. Lilifika pia kwenye siasa: Mei 2005, Mkutano Mkuu wa CCM ulipomteua Jakaya Kikwete kugombea urais katika ukumbi wa Chimwaga, hapa Dodoma, kundi lililomuunga mkono lilikwisha kujulikana kama wanamtandao. Mfaransa na Mswahili, bila kuulizana, wote waliona watu walioshikana kwa lengo moja kuwa nyuzi zilizofungamana.

Nyanda za kati zinaijua maana ya mtandao wa njia kwa vitendo. Zamani misafara ya pwani kwenda Unyanyembe, huko magharibi, ilikatiza Ugogo, na watemi wa Kigogo wakaitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kuwa maji na chakula vilikuwa mikononi mwao. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma 1910, ikafika Kigoma 1914. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024.

Hata hivyo, nyuzi zikipita sambamba bila kuungana, hazijawa wavu. Wavu hufanywa na mafundo. Wakulima wa Bahi na Kongwa hawafaidiki na njia inayowapita tu. Wanafaidika pale wanapoweza kupakia mazao, kupata mnara wa simu na kujua bei ya soko. Anayetupangia mtandao mpya, wa reli au wa mawasiliano, na atuambie kwanza mafundo yatakuwa wapi.