Nikon D90 ya mtumba: inapolipa na inapoumiza katika soko la Kanengo na Dzaleka

Katika mizigo inayotoka Dar es Salaam kwenda Lilongwe, kamera ya mtumba ni kitu kidogo sana. Kumi zinaingia kwenye begi moja la mgongoni, na hakuna anayeziona mbele ya marobota ya nguo na katoni za vipuri. Hata hivyo ni bidhaa inayofunga mtaji mwingi mahali padogo, na tofauti kati ya kamera nzima na kamera inayokaribia kufa haionekani kwa macho. Ndiyo maana tumeona tuieleze moja ambayo bado inazunguka katika masoko ya mitumba, yaani Nikon D90.

Tuanze na mnunuzi, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua bei. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Watu wakiwa wengi hivyo, harusi, ubatizo, mahafali na kanda za kwaya havikosekani, na tangu mwaka 2014 kuna Tamasha la Tumaini linaloleta wageni kutoka mjini na nje ya nchi. Upande wa Lilongwe, fedha za tumbaku inayouzwa kwenye mnada wa Kanengo huingia mifukoni kuanzia Aprili hivi, na msimu wa harusi hufuata. Mpiga picha wa kote kuwili anatafuta kitu kimoja: kamera inayoonekana ya kazi mbele ya mteja, ambayo bei yake inarudi kwa harusi chache.

D90 ilitangazwa Agosti 2008, na nchini Marekani iliuzwa kwa karibu dola 1,000 bila lenzi. Hiyo ni kamera ya daraja la kati: juu ya zile za wanafunzi, chini ya zile za wapiga picha wa magazeti. Mwaka 2010 ikatoka D7000 kuchukua nafasi yake, na tangu hapo wenyewe wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Sehemu kubwa ya thamani yake ilishateremka zamani. Kwa lugha ya uchumi, uchakavu mkubwa amekwisha kuulipa mwenye kamera wa kwanza, na huyo wa pili ananunua kazi iliyobaki. Swali ni kazi kiasi gani imebaki, na hapo tutarudi.

Nguvu yake kubwa kwa soko letu si wingi wa pikseli. Ni mota ndogo ya kufokasi iliyomo ndani ya mwili wa kamera. Kamera za Nikon za bei ya chini za wakati ule, kama D40, D60, D3000 na D5000, hazina mota hiyo. Zinahitaji lenzi zenye mota yake. Ukizifunga lenzi ya zamani ya aina ya AF-D, picha itapigwa lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. D90 inazifokasi lenzi hizo yenyewe. Maana yake kibiashara ni kwamba lenzi kama 50mm f/1.8D, ambayo ni nyepesi, kali na ya bei nafuu, inakuwa mali kwa mwenye D90 na inakuwa usumbufu kwa mwenye D3000. Mfanyabiashara anayebeba miili ya kamera bila kujua jambo hili anaweza kurudi na lenzi ambazo hakuna wa kuzinunua. Anayelijua huuza seti.

Betri ni jambo la pili. D90 inatumia EN-EL3e, ile ile inayotumika kwenye D80, D200, D300 na D700, hivyo kupata ya akiba si shida. Kwa kipimo cha viwanda inapiga picha takriban 850 kwa chaji moja, na anayetumia flashi sana atapata pungufu. Mahali ambapo umeme hukatika kwa saa kadhaa, hiyo ni tofauti kati ya kumaliza harusi na kuomba radhi. Ila betri bandia ni nyingi mno. Huonyesha imejaa, kisha huzima baada ya picha mia. Jaribu kwa kupiga, usiamini alama kwenye skrini.

Kuhusu picha zenyewe, megapikseli 12.3 zinatosha. Faili yake inachapishwa kwa upana wa sentimita 36 bila kulazimishwa, na wateja wengi huchukua saizi ya kawaida ya albamu au picha ya pasipoti. Asikutishe mtu kwa simu yenye megapikseli 50; sensa ya kamera hii ni kubwa mara kadhaa kuliko ya simu, na nyuso za watu weusi kwenye kivuli cha turubai huonekana hivyo.

Sasa udhaifu, na wa kwanza ni video. D90 ndiyo iliyokuwa kamera ya kwanza ya aina ya DSLR kurekodi video, na wauzaji wengi bado hulitumia jambo hilo kama kivutio. Kwa kazi ya leo ni kivutio cha hatari. Video yake ni ya 720p, kila kipande hakizidi dakika tano, fokasi haijirekebishi wakati wa kurekodi, sauti ni ya maikrofoni moja dhaifu na hakuna tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje. Ukigeuza kamera haraka, nguzo zinalala upande. Kwaya moja ya kanisani ina wimbo wa dakika saba. Mpiga picha atakatwa katikati. Mnunuzi anayetaka video za harusi mwambie ukweli kabla ya kupokea fedha, vinginevyo atarudi nazo kamera na ndugu zake.

Udhaifu wa pili ni giza. Hadi ISO 1600 picha ni safi kiasi cha kuuzwa. Kwenye 3200 chenga zinaonekana wazi. Katika kumbi za Lilongwe, ule wakati wa perekani perekani ambapo noti zinarushwa na watu wanacheza, taa za rangi hazitoshi. Dawa ni flashi ya nje au lenzi ya f/1.8, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Kamera yenye lenzi ya 18-105mm peke yake ni nzuri mchana.

Kuna na vumbi. Mwili wa D90 haukuzibwa dhidi ya vumbi wala mvua. Ina kifaa cha kutikisa sensa ili vumbi lidondoke, lakini Septemba ya Dzaleka ni mtihani mwingine. Tangu serikali ya Malawi ilipotekeleza mwaka 2023 agizo la kuwarudisha wakimbizi kambini, kwenda mjini kutafuta fundi si jambo jepesi kwa mkazi wa pale, kwa hiyo kamera inayopelekwa Dzaleka inapaswa kuwa imesafishwa na kujaribiwa zaidi, wala si kuwa mabaki ya mzigo wa mjini.

Kadi nayo imewaponza wengi. D90 inasoma SD na SDHC, yaani mwisho ni GB 32. Ukiiwekea kadi ya GB 64 au 128 itaikataa, na muuzaji asiyejua atasema kamera imekufa. Pamoja na hayo, hapa inaishinda mpinzani wake Canon EOS 50D ya mwaka huo huo, ambayo ina megapikseli 15.1 na kasi kubwa zaidi lakini inatumia kadi za CompactFlash, bidhaa inayozidi kuadimika madukani.

Turudi kwenye kazi iliyobaki. Shata ya D90 ilipimwa kwa mipigo 100,000. Hesabu ya mipigo hujiandika ndani ya kila faili: piga picha moja papo hapo, ifungue kwa programu inayosoma taarifa za picha kwenye kompyuta, utaiona namba. Tuseme imesoma 60,000. Kwa harusi ya picha 800, zimebaki harusi 50 kwa makadirio. Nyingine huvuka hapo, nyingine hufa mapema, lakini bei iliyozidi faida ya harusi 50 si bei. Kwenye lenzi, angalia kuvu kwa tochi: nyuzi nyeupe kama za buibui ndani ya kioo. Lenzi zilizokaa miaka Dar es Salaam au Mombasa kwenye unyevunyevu huipata sana. Mpira wa mshikio uliobanduka haudhuru picha. Ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Kwenye mpaka wa Kasumulu na Songwe kuna kosa linalojirudia. Watu hudhani kwa kuwa Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, kamera iliyonunuliwa Kariakoo inapata nafuu ya ushuru. Haipati. Nafuu inafuata mahali bidhaa ilipotengenezwa, na D90 ilitengenezwa Thailand. Wala utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo hausaidii hapa, kwa sababu Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Beba risiti yenye namba ya kila kamera. Bila risiti, ofisa wa forodha ndiye atakayekadiria thamani. Na dereva asikubali mfuko wa kamera usiomo kwenye hati za mzigo, maana ukikamatwa, linaloshikiliwa ni lori lote. Wanaoleta kwa ndege kutoka Dubai wabebe betri za akiba mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Mwisho ni kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha kutoka 1,180 hadi 1,700 kwa dola kwa siku moja, na aliyekuwa amekopesha kamera kwa kwacha alipoteza karibu theluthi ya dola zake bila kuibiwa. Kwa kuwa unanunua kwa dola au shilingi na kuuza kwa kwacha, mkopo wa miezi sita una bei yake. Anayefikisha mzigo Machi anaukuta mnada unakaribia na wapiga picha wakijiandaa. Anayeufikisha Desemba, kwenye mvua, atakaa nao kabatini miezi minne, na hao kuvu hawangoji msimu.