Damu Isivuje Ubongoni mwa Mtoto Njiti

Mimba ya binadamu hukaa wiki 40 hivi. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, huyo tunamwita mtoto njiti. Leo tuzungumze juu ya hatari moja inayomnyemelea, tena isiyoonekana kwa macho. Hatari hiyo ni damu kuvuja ndani ya ubongo. Inaweza kumwua. Na akipona, inaweza kumwachia ulemavu wa maisha.

Wazazi huuliza: "Kama ni damu inavuja, si apewe dawa ya kugandisha damu, basi yaishe?" Swali ni zuri. Dawa ipo, na ina kazi yake. Lakini haitoshi peke yake. Tuone kwa nini.

KWA NINI DAMU HUVUJA?

Fikirini mfereji wa kumwagilia shamba. Maji humwagika nje kwa sababu mbili. Kwanza, kingo ni laini, na maji yakija kwa nguvu zinabomoka. Pili, tundu likishatokea, hakuna watu wa kuliziba upesi.

Mtoto njiti ana shida zote mbili. Mishipa ya damu iliyo ndani ya ubongo wake bado ni michanga, hasa akizaliwa kabla ya wiki 32. Nguvu ya damu ikipanda na kushuka ghafla, mshipa hupasuka. Mara nyingi hutokea katika siku 3 za kwanza. Tena damu yake huchelewa kuganda, yaani tundu haliwahi kuzibwa.

KAZI YA VITAMINI K

Ini letu hutengeneza vitu vya kugandisha damu. Lakini baadhi ya vitu hivyo havifanyi kazi bila vitamini K. Ni kama watu waliofika kuziba mfereji bila majembe. Mtaalamu wa Denmark, Henrik Dam, aliligundua jambo hili kwa kuchunguza vifaranga waliokuwa wakivuja damu. Mwaka 1935 aliipa vitamini hiyo jina lake.

Sisi wakubwa tunaipata katika mboga za majani kama mchicha na kisamvu. Mtoto aliye tumboni hupata kidogo mno. Maziwa ya mama nayo yana kidogo. Jamani, hiyo isiwe sababu ya kuacha kunyonyesha! Maziwa ya mama hayana mfano. Kinachopungua huongezwa kwa sindano.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto mchanga apewe sindano ya vitamini K, miligramu 1, baada ya kukaa kifuani mwa mama kwa saa ya kwanza. Huchomwa pajani. Njiti hupimiwa kiasi chake kwa uzito wake. Sindano hii si chanjo, wala si ya njiti peke yao. Mtoto aliyetimiza miezi yote naye asipoipata anaweza kuvuja damu baadaye, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 12. Mara nyingi damu hiyo huvuja ubongoni. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri, mara amebadilika. Kwa hiyo muuguzi akija na sindano hiyo, msimkatalie.

DAWA NYINGI SI UZIMA ZAIDI

Sasa, kama damu ya njiti huchelewa kuganda, kwa nini asiongezewe vigandishaji vingi? Waganga walilijaribu hilo. Huko Uingereza, watoto 776 waliozaliwa mapema mno walishiriki katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996. Baadhi walipewa maji ya damu yenye vitu vya kugandisha. Hawakupata nafuu kuliko wenzao.

Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi mwingine wa Ulaya, wa njiti 660 waliopungukiwa na chembe za kugandisha damu. Walioongezewa chembe hizo mapema zaidi waliumia zaidi. Katika kila 100, 26 walikufa au walivuja damu vibaya. Wale waliosubiri hadi chembe zishuke sana walikuwa 19 katika kila 100.

Mnaona? Ukingo ukiwa laini, kurundika watu juu yake si dawa. Ndiyo maana daktari hupima kwanza, akaongeza damu pale tu inapolazimu.

TUIMARISHE KINGO

Kinga kubwa ni kuwahi. Mama mwenye mimba akiona uchungu kabla ya wakati, maji kutoka, au damu, aende hospitali mara moja. Asingoje kuche.

Kwanza, hospitali inaweza kumchoma mama sindano inayokomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni. Dawa hiyo hupunguza pia kuvuja damu ubongoni. Uchunguzi uliofanywa Kenya na nchi nyingine 4, na kutangazwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa inaokoa watoto. Lakini hutolewa hospitalini tu. Msiitafute dukani.

Pili, ni salama zaidi kumhamisha mtoto akiwa tumboni kuliko kumsafirisha akiwa amekwisha zaliwa.

Tatu, mtoto akiweza kupumua, kitovu kisikatwe kwa haraka. Mkunga hungoja angalau dakika 1 ili damu ya kondo la nyuma imfikie mtoto.

Nne, njiti ashikwe taratibu. Asitikiswe, asirushwe, na asiachwe apate baridi. Akiruhusiwa na muuguzi, mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi.

DALILI ZA HATARI

Mrudisheni mtoto hospitali upesi mkiona damu kitovuni au puani, choo cheusi baada ya siku za kwanza, utosi uliovimba, degedege, weupe usio wa kawaida, au akikataa kunyonya. Msianze na dawa ya nyumbani. Lakini kumbukeni, damu inaweza kuvuja ubongoni bila dalili yoyote. Kwa hiyo mpelekeni njiti kupimwa kila tarehe aliyopangiwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini dawa ya kugandisha damu haitoshi peke yake?
2. Sindano ya vitamini K inamkinga mtoto na nini?
3. Mama akishikwa na uchungu usiku kabla ya wakati, kijiji chetu kina usafiri gani? Nani atagharimia? Tulipange leo, kabla siku hiyo haijafika.